Texas Western 1966: Watano Weusi Uwanjani
Machi 19, 1966, kocha Don Haskins wa chuo cha Texas Western, mjini El Paso, alianzisha wachezaji watano Weusi katika fainali ya mpira wa vikapu ya vyuo vya Marekani. Halikuwa limewahi kutokea. Wapinzani wao, Kentucky, walikuwa Wazungu watupu.

Timu ya Haskins ilikuwa imeshindwa mara moja tu msimu mzima, tena kwa pointi mbili, mikononi mwa Seattle.

Makocha wetu wa mashinani watazame hesabu hii. Kentucky walifunga vikapu 27 vya uwanjani, Texas Western 22. Lakini Kentucky walifanya madhambi mengi, na vijana wa Haskins wakatia mitupo huru 28 kwa 11. Matokeo yakawa 72-65.

Chuo hicho, siku hizi UTEP, ndicho alichosomea Mkenya Michael Musyoki, mshindi wa shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya 1984.