Jicho Kwenye Kijiti

Mkono uliozoea kalamu nimeutwika bastola, nayo ni ya upepo tu, itupayo marisau ya milimita 4.5. Shabaha iko mita 10, na duara la alama 10 lina upana wa milimita 11.5. Hushikwa kwa mkono mmoja. Wa pili hutiwa mfukoni.

Chuoni tulisomeshwa habari za Saad bin Abi Waqqas na mishale yake siku ya Uhud, nami nikadhani mlengaji hukodolea kile akilengacho. Marisau yangu yakaenda kila upande ila kati.

"Ami, watazama nini?" aliniuliza mwalimu wangu, kijana wa rika la mwanangu.

"Shabaha. Nini tena?"

"Iwache na ukungu wake. Tazama kijiti cha mbele."

Kijiti hicho hukaa katikati ya mwanya wa nyuma, mwangaza sawa kuume na kushoto, na jicho haliwezi kuona karibu na mbali kwa pamoja. Mkono wote ukisogea milimita moja bila kupinda, tundu nalo husogea milimita moja. Lakini kijiti kikipotoka milimita moja ndani ya mwanya, ikiwa vimeachana sentimita 30, kule mbali huwa zaidi ya sentimita 3!

Tatizo, sikukiona kijiti. Miwani nilikuwa nimeificha mfukoni kwa kuona haya mbele ya vijana. Nilipoivaa haikufaa: ni ya umbali wa msahafu, na kijiti kiko mwisho wa mkono. Kesho nakwenda kwa bingwa wa macho, na uzi niliopimia toka jichoni hadi kijitini.