Bisibisi ya Kufungulia Redio ya Kijapani

Redio kaseti ya zamani inapofika kwa fundi, mara nyingi ugonjwa wake ni mdogo: mpira wa kuzungushia kaseti umelegea, au kapasita imechoka. Kinachoiharibu zaidi ni skrubu kuliwa kichwa kabla hata boksi halijafunguka.

Chanzo ni kudhani kwamba bisibisi zote za nyota ni sawa. Nyota tuliyoizoea ni ya Phillips, yenye jina la Mmarekani Henry Phillips, aliyepata hataza zake mwaka 1936. Wajapani walijiwekea kiwango chao, JIS, na redio nyingi za National, Sanyo na Sony zimefungwa kwa skrubu za kiwango hicho. Kwa macho huwezi kuzitofautisha haraka. Ndani ya tundu la skrubu ya JIS, ncha ya Phillips hugota chini kabla mabawa yake hayajakamata kuta vizuri. Ukizungusha kwa nguvu inapanda, inateleza, na kila ikiteleza inakwangua chuma. Skrubu nyingi za JIS zina kitone kidogo kichwani, lakini si zote. Kwa hiyo kwenye redio ya Kijapani anza na JIS, kitone kiwepo kisiwepo. Vifaa vingi vya Ulaya vina nyota nyingine, Pozidriv, inayojulikana kwa mistari minne myembamba kati ya mikono ya msalaba.

Skrubu zenye kipenyo cha milimita 3 hutaka bisibisi namba 2. Zile za milimita 2 hadi 2.6, namba 1. Ukisita, jaribu kubwa kwanza. Ncha sahihi hujaa tundu bila kuchezacheza.

Seti za ncha za kubadilisha ni nzuri, ila kishikio chake ni kinene, na skrubu za mgongo wa redio hukaa ndani kabisa ya mashimo membamba. Hapo inatakiwa bisibisi yenye shingo ndefu. Ncha yenye sumaku usiikaribishe kwenye hedi ya kaseti, kwani hedi ikishika sumaku sauti huingiwa na kelele.

Mafundi wa Japani hufundishwa kutumia sehemu saba za nguvu kusukuma na tatu kuzungusha. Wakati wa kufunga kwenye plastiki, rudisha skrubu kinyume taratibu mpaka uisikie ikidondokea njia yake ya zamani, ndipo ukaze.

Kama mfuko unaruhusu bisibisi mbili tu, nunua JIS namba 1 na namba 2, zote za shingo ndefu.