Binti Yako Anapotaka Unesi

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, akina mama wa huku kwetu Mnazi Mmoja na Kariakoo hunisimamisha baada ya ibada na kuniuliza, "Dada, binti yangu anataka kusomea unesi. Nimruhusu?" Baadhi huuliza kwa furaha. Wengine huuliza kwa unyonge, kana kwamba mtoto amechagua kazi ya waliokosa nafasi kwingine. Mama mwenzangu, leo nakujibu.

Wasiwasi huo si mgeni. Florence Nightingale, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1820, alipingwa na mama yake na dada yake alipotaka kuwa muuguzi. Wakati huo kazi hiyo ilionekana haimfai binti wa familia yenye heshima. Hakukata tamaa. Mwaka 1854 alikwenda kuwahudumia askari majeruhi katika Vita vya Krimea, na mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa London. Siku aliyozaliwa, 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, ambayo wauguzi wetu huwasha mishumaa na kurudia kiapo.

Kinachovutia ni nini?

Mabinti wengi huvutiwa na gauni jeupe. Gauni huchafuka mapema. Kinachomfanya mtu adumu ni kule kuona kwamba mikono yake ina ujuzi unaookoa.

Mama aliyetoka kujifungua anaweza kuanza kutokwa damu nyingi ghafla, huku mumewe yuko nje na chupa ya chai. Mkunga anampapasa tumbo, anakuta mfuko wa uzazi umelegea. Anaukanda, anaita msaada, anamchoma sindano ya kuufanya ukaze. Damu inapungua. Ndugu walioko nje hawajui hata kwamba kulikuwa na hatari. Hakuna anayempigia mkunga makofi. Asubuhi mama ananyonyesha mtoto wake, basi. Anayeweza kuridhika na malipo ya namna hiyo, kazi hii ni yake, awe msichana au mvulana.

Mweleze ukweli

Mwambie binti yako kwamba wagonjwa hawana sikukuu. Krismasi na Pasaka nyingine zitamkuta wodini. Mwambie pia kwamba sindano iliyotumika ikimchoma inaweza kumwambukiza maradhi, kwa hiyo kinga na chanjo ya homa ya ini si mambo ya kupuuza.

Kuhusu masomo, asidharau biolojia, kemia na fizikia, maana chuo kitayaangalia. Stashahada huchukua miaka 3, kisha lazima apate leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Wala usimwahidi kwamba ajira inamngojea mlangoni. Siku hizi waliohitimu huomba na kusubiri, na anayepata huenda akapangiwa zahanati ya kijiji cha mbali badala ya Muhimbili.

Mpime nyumbani

Kama nyumbani kuna bibi mgonjwa, mpe binti nafasi ya kumhudumia kwa majuma machache. Usishtuke akiona kinyaa, kwani kinyaa huisha kwa mazoea. Tazama mambo matatu. Je, anakumbuka saa ya dawa bila kukumbushwa? Akisahau, anasema kweli au anaficha? Anapomwogesha bibi, anafunga mlango na kumsitiri, au anamwacha wazi kama mzigo? Asiyesema kweli juu ya kidonge kimoja nyumbani ataleta maafa wodini.

Wala usimsukume kwa sababu unataka mtu wa kukuuguza uzeeni, au kwa sababu jirani ana binti nesi. Aliyesukumwa ndiye mara nyingi anayewafokea wajawazito, na sote tunajua maumivu ya kufokewa wakati wa uchungu.

Lakini ukiona moyo wake uko huko kweli, msimamie. Usiwafundishe majirani kuja kugonga mlango usiku wakitaka dawa kwake, kwani dawa hutolewa hospitali. Na akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, mpe chai, funga pazia, umwache alale. Sokoni Kariakoo nenda wewe.