Mkataba Mahiri Langoni mwa Tovuti

Tangu tarehe 25 Julai 2025, tovuti zinazoonyesha ponografia kwa watumiaji walioko Uingereza zinalazimika kuhakikisha kwamba anayeingia ametimiza umri wa miaka 18, na Ofcom, mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano yenye makao yake jijini London, imepewa na Sheria ya Usalama Mtandaoni ya mwaka 2023 uwezo wa kutoza faini ya hadi pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi. Miongoni mwa njia za ukaguzi zilizokwisha kubuniwa, ingawa si kwa ajili ya sheria hiyo, imo ile ya kuuliza mkataba mahiri.

Blokucheni ni daftari la kumbukumbu ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi zinazokaguana, hata isiwe rahisi kwa yeyote kulibadili peke yake. Mkataba mahiri ni programu iliyowekwa ndani ya daftari hilo, ambayo hutekeleza masharti yake yenyewe kila inapoitwa. Katika mtandao wa Ethereum, uliozinduliwa Julai 2015, mikataba mingi hutunza orodha ya tokeni, yaani alama za umiliki, na anwani zinazozimiliki. Kiwango kiitwacho ERC-721, kilichopendekezwa mwaka 2018, kinautaka kila mkataba wa aina hiyo uweze kueleza anwani fulani inamiliki tokeni ngapi.

Ukaguzi wenyewe huanza kwa tovuti kumpelekea mgeni ujumbe wenye jina la tovuti na namba ya nasibu isiyotumika mara mbili, ili saini iliyoibwa jana isifae leo. Pochi ya kidijiti ya mgeni huutia ujumbe huo saini kwa ufunguo wa siri ambao hautoki ndani ya pochi. Seva huitumia saini kuitambua anwani, kisha huuliza mkataba kama anwani hiyo inayo tokeni inayotakiwa. Swali hilo halilipiwi ada ya mtandao, kwa kuwa ni kusoma tu na halibadili chochote daftarini. Jibu likiwa sifuri, ukurasa haufunguki.

Ikumbukwe, na wauzaji wa teknolojia hii hupenda kulipita jambo hili haraka, kwamba mkataba hujibu tu, wala haufungi mlango. Mlango ungali kwenye seva, na mwenye seva akitaka kumfungulia asiye na tokeni hakuna cha kumzuia. Maudhui nayo hayawezi kufichwa ndani ya mkataba, kwani kila kilichomo kwenye blokucheni ya hadhara husomeka na yeyote. Zaidi ya hayo, kinachothibitishwa ni umiliki wa ufunguo, si mtu: tokeni inayothibitisha utu uzima ikiweza kuuzwa, kijana wa miaka 14 ataipata, na hata ikifungwa isihamishike, ufunguo bado unaweza kuazimwa. Anwani pia huanika miamala yote ya mwenyewe, gharama kubwa mno ya kuthibitisha jambo moja dogo. Ndiyo sababu watafiti wameugeukia uthibitisho usiofichua, mbinu ya kihisabati iliyoasisiwa na Goldwasser, Micali na Rackoff katika miaka ya 1980, ambayo humwezesha mtu kuthibitisha kwamba dai ni kweli bila kutoa taarifa nyingine yoyote.

Hatari nyingine imo ndani ya mkataba wenyewe. Parity Technologies, kampuni iliyosajiliwa Uingereza na kuanzishwa na Gavin Wood pamoja na wenzake, ilitoa Julai 2017 mkataba uliotumiwa kwa pamoja na pochi nyingi, lakini nafasi ya mmiliki wa mkataba huo ikaachwa wazi. Tarehe 6 Novemba mtumiaji mmoja aliita amri ya kujiandikisha umiliki, nao mkataba ukamkubali kwa sababu ulichokagua ni kama nafasi ilikuwa tupu; kisha akaita amri ya kuuangamiza. Zaidi ya etha 513,000, yaani sarafu ya mtandao wa Ethereum, zilizokuwa katika pochi 587 zilikwama papo hapo, na pendekezo la mwaka 2018 la kuurejesha msimbo uliofutwa halikupitishwa.