Graben (Vienna)

Graben ni mtaa maarufu wa maduka katikati ya jiji la Vienna, mji mkuu wa Austria. Unaanza karibu na Kanisa Kuu la Mt. Stefano na kuishia kwenye mtaa wa Kohlmarkt, unaoelekea Hofburg, iliyokuwa ikulu ya makaisari.

Jina
Neno "Graben" ni la Kijerumani, maana yake ni handaki. Katika enzi za Waroma palikuwa na ngome ya kijeshi iliyoitwa Vindobona, na mbele ya ukuta wake wa kusini lilichimbwa handaki la ulinzi. Mtaa wa leo unafuata mstari wa handaki hilo.

Historia
Mwaka 1192 Mfalme Richard I wa Uingereza alikamatwa karibu na Vienna alipokuwa akirudi kutoka vita vya msalaba. Aliachiliwa mwaka 1194 baada ya kulipiwa fedha nyingi. Sehemu ya fedha hizo ilitumika kupanua mji na kujenga kuta mpya. Handaki la zamani likabaki ndani ya mji, halina kazi tena, likafukiwa.

Kwa karne kadhaa mahali hapa palikuwa soko la vyakula kama vile unga, mkate na mboga. Mwaka 1679 tauni iliua maelfu ya watu mjini. Kaisari Leopold I, aliyekuwa ameukimbia mji, aliweka nadhiri ya kusimamisha mnara iwapo ugonjwa ungekoma. Mnara wa kwanza ulikuwa wa mbao. Ule wa marumaru ulikamilika katika miaka ya 1690 na bado unasimama katikati ya mtaa.

Ukaribu na ikulu ndio uliobadilisha biashara ya Graben. Matajiri na watumishi wakuu wa kaisari walipita hapa, hivyo wauza mboga waliwapisha masonara, washonaji na wauza vitambaa vya thamani. Maduka yaliyouza bidhaa ikulu yalipewa cheo rasmi, nacho kilivuta wateja wengine. Duka la nguo la Knize lilisanifiwa na Adolf Loos kati ya miaka 1910 na 1913.

Ufalme ulianguka mwaka 1918, lakini maduka yalibaki. Baadaye tishio lilikuwa magari, yaliyojaza mtaa na kuwasukuma wapita njia pembeni. Kuanzia mwaka 1971 magari yaliondolewa, na Graben ukawa wa waendao kwa miguu.

Leo
Majengo mengi yanayoonekana sasa ni ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Vyoo vya umma vya chini ya ardhi, vilivyojengwa mwaka 1905, bado vinatumika. Tangu mwaka 2001 mtaa huu ni sehemu ya kitovu cha kihistoria cha Vienna kilichoandikishwa na UNESCO kama Urithi wa Dunia.