Mpira wa Meza: Mpinzani Anapokujua Mno

Je, ndugu msomaji, umepata kufungwa na mwenzako yule yule wa kazini, kwenye meza ile ile, kila Jumamosi jioni, ilhali unajua fika kwamba mkono wako ni mwepesi kuliko wake? Aghalabu mtu hudhani ameshindwa kwa nguvu. Hununua kibao kipya, hujifunza kupiga kwa kishindo, na juma linalofuata hufungwa tena. Huo si mkosi. Mwenzako amekwisha kukusoma.

Meza ina urefu wa sentimita 274 tu, na mpira mkali huivuka kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri. Kwa hiyo mchezaji mzoefu hautegemei mpira peke yake. Hulitazama bega lako, kifundo cha mkono wako, na zaidi ya yote huyakumbuka mazoea yako. Mwandishi wa makala hii alifungwa na binti yake mwenye miaka 12, ambaye baadaye alimwarifu, kwa heshima zote, kwamba baba hutoa ulimi kila anapotaka kupiga kwa nguvu.

Jichunguze hasa mnapofikia 9 kwa 9. Hapo moyo hudunda, na karibu kila mtu huukimbilia mpigo anaoupenda. Mpinzani anaungoja huo huo. Zamani kosa hilo lilivumilika, kwani seti ilikuwa ya pointi 21 na mtu alianzisha mpira mara 5 mfululizo. Tangu mwaka 2001 seti ni ya pointi 11, na kila mmoja huanzisha mara 2 tu kwa zamu. Nafasi ya kujirekebisha ni ndogo.

Mtazame Jan-Ove Waldner wa Sweden, bingwa wa dunia mwaka 1989 na tena mwaka 1997, safari hii ya pili bila kupoteza hata seti moja. Mkono wake ulianza kwa namna ile ile kila alipoanzisha mpira. Mara ukaja mfupi, umekatwa kwa chini, mara mrefu na wa kasi. Tofauti ilikuwa katika kifundo, wakati kibao kinapougusa mpira. Huko Athens mwaka 2004, akiwa na miaka 38, bado aliwatoa vijana waliomzidi mbio na kufika nusu fainali ya Olimpiki.

Usidhani basi kwamba dawa ni kubadili ovyo. Anayepeleka mpira kulia, kushoto, kulia, kushoto, naye amejifunga kwa mazoea mengine, tena rahisi zaidi kusomeka. Mzoeze kwanza mpinzani. Mpe mipira miwili mifupi upande mmoja mpaka aanze kuinama mapema. Wa tatu upeleke mrefu, ukielekea kiwiko cha mkono wake wa kuchezea. Hapo hujiuliza atumie upande upi wa kibao, na kabla hajapata jibu mpira umekwisha kupita. Tena weka akiba: mpigo mmoja wa kuanzisha ambao hajauona tangu mlipoanza, uutoe kwenye 9 kwa 9.

Mwandishi amejaribu hayo nyumbani, na sasa hushinda seti moja kati ya tatu. Ulimi bado unamshinda kuuficha.