Kasino haihitaji hila, hesabu yatosha

WACHEZAJI wengi wa kamari wanaopoteza pesa huondoka wakinung'unika kwamba wameibiwa. Huenda hilo likawa kweli kwa mchezo wa pata potea katika vituo vya mabasi, ambapo karata hufichwa kwa wepesi wa mkono. Kasino halali haina haja ya kuiba. Faida yake imo ndani ya kanuni za mchezo wenyewe.

Tuchukue ruleti. Gurudumu la Ulaya lina vishimo 37: 18 vyekundu, 18 vyeusi na kimoja cha kijani chenye sufuri. Ukiweka Sh100 kwenye nambari moja na ikatoka, unarejeshewa Sh100 zako pamoja na ushindi wa Sh3,500.

Sasa chukulia kwamba umeweka Sh100 kwenye kila nambari kwa mpigo. Umetoa Sh3,700. Nambari moja lazima itoke, nawe utapokea Sh3,600. Ile Sh100 iliyopungua ndiyo fungu la mwenye kasino, nayo ni asilimia 2.7 ya pesa zote zilizowekwa. Magurudumu mengi ya Marekani yana sufuri mbili, hivyo hasara hufika asilimia 5.3.

Mchezaji mmoja mmoja anaweza kushinda usiku mmoja, hata mara tatu mfululizo. Kasino haishtuki, kwani yenyewe huhesabu maelfu ya mizunguko.

Kosa kubwa la wachezaji ni kudhani kwamba gurudumu lina kumbukumbu. Mnamo Agosti 18, 1913, katika kasino ya Monte Carlo nchini Monaco, kigololi kilitua kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyojirudia, ndivyo watu walivyozidi kurundika pesa kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imewadia. Walipoteza mamilioni ya faranga. Hata baada ya nyeusi 25, uwezekano wa nyekundu ulibaki ule ule, 18 kwa 37.

Wapo pia wanaopendekeza kuongeza dau maradufu kila unaposhindwa. Ukianza na Sh100 na kushindwa mara 10 mfululizo, jambo linaloweza kutokea takriban mara moja katika kila majaribio 780, utakuwa umepoteza Sh102,300. Dau la 11 litakuwa Sh102,400, na ukishinda, faida yako yote itakuwa Sh100. Sijui ni karo ya watoto wangapi imeteketea kwa mbinu hii.

Karata ni jambo tofauti, kwa sababu zenyewe zina kumbukumbu. Ree ikishatolewa kwenye pakiti, haiwezi kutoka tena hadi karata zichangwe upya.

Katika mchezo wa blackjack, mchezaji na mgawaji hushindana kuikaribia 21 bila kuipita. Karata za 10, ghulamu, malkia na mfalme zote huhesabiwa 10, nayo ree ni 1 au 11. Anayepata ree na karata ya 10 katika karata mbili za kwanza ana blackjack. Kwa kanuni za kale, mchezaji aliyeweka Sh100 hulipwa Sh150, ilhali mgawaji akiipata, mchezaji hupoteza Sh100 tu.

Isitoshe, mgawaji mwenye 16 hulazimika kuchukua karata nyingine, na mchezaji ana hiari ya kutulia. Basi pakiti iliyosalia ikijaa karata kubwa, mgawaji huvuka 21 mara nyingi zaidi, nazo blackjack huongezeka.

Aliyelithibitisha hilo kwa hesabu ni mwanahisabati Edward Thorp, aliyetumia kompyuta ya IBM 704 katika chuo cha MIT, Marekani. Kitabu chake, Beat the Dealer, kilichapishwa 1962.

Wengi hufikiri mhesabuji hukariri kila karata. La hasha. Katika mbinu iliyoenea, karata za 2 hadi 6 huongeza moja, za 7 hadi 9 haziguswi, na za 10 hadi ree hupunguza moja. Jumla ikipanda, karata kubwa ndizo zimebaki, naye huongeza dau. Ikishuka, huweka dau dogo kabisa.

Hata hivyo, faida ni takriban asilimia moja tu. Kwa dau la Sh1,000, hiyo ni wastani wa Sh10, ilhali bahati ya usiku mmoja yaweza kumyumbisha mtu kwa makumi ya maelfu. Asiye na mtaji mkubwa hufilisika kabla hesabu haijamlipa.

Kasino nazo zilijibu. Hutumia pakiti sita au nane kwa pamoja, huchanga mapema, na baadhi ya meza hulipa Sh120 badala ya Sh150. Katika jimbo la Nevada, kuhesabu kichwani si hatia, lakini kutumia kifaa ni kosa la jinai, na kasino yaweza kukufukuza. Katika New Jersey, Mahakama ya Juu iliamua 1982 kwamba kasino haikuwa na mamlaka ya kumzuia Ken Uston kwa sababu ya kuhesabu karata.

Vijana wetu wanaocheza kamari kwenye simu hawana hata mwanya huo mdogo. Blackjack inayoendeshwa na programu kwa kawaida huchanga karata upya kabla ya kila mgao, nayo michezo kama ile ya ndege inayopaa huanza kila raundi bila uhusiano na iliyotangulia. Orodha ya matokeo ya awali inayoonyeshwa kwenye skrini haimwambii mchezaji lolote kuhusu raundi ijayo.